Gemu za hesabu: ya Tanga hayahamii Mbagala hivi hivi

Jioni, vibanda vya gemu vya Mbagala, Dar es Salaam, hujaa watoto wakisubiri zamu ya kucheza mpira kwenye skrini. Anayengoja hakai bure: anapiga hesabu ya dakika zilizobaki, ya tofauti ya mabao, ya chenji yake. Wazazi wengi wanakiona kibanda kuwa adui wa daftari. Je, hamu hiyo haiwezi kuvutwa darasani?

Tanzania ina jibu, ingawa ni nusu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE, likishirikiana na UNESCO, WFP na serikali, liligawa tableti kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya Tanga. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Programu zilikuwa za Kiswahili, umeme ulikuwa wa jua, mwalimu hakuwepo. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na Mei 2019 timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Mtoto akikosea kwenye tableti hachekwi wala hachapwi, anajaribu tena kama kwenye gemu. Kwa somo linaloogopwa kama hisabati, hilo si dogo.

Ila Tanga kila mtoto alikuwa na tableti yake, na shule ndiyo iliyokosekana. Mbagala shule ipo. Kinachokosekana ni nafasi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na shule nyingine zinasomesha kwa zamu. Wape watoto kumi tableti moja: mwepesi ndiye atakayebonyeza, tisa watabaki watazamaji.

Kwa msongamano huo, Ubongo Kids inaonekana kufaa zaidi. Katuni hiyo iliyotengenezwa Dar es Salaam ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, ikifundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo, na watazamaji wakijibu maswali kwa SMS. Televisheni moja inatosha nyumba nzima ya wapangaji.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2023, ambapo takriban robo tu ya watahiniwa walifaulu hisabati, yanatia kishawishi cha kununulia sekondari vifaa. Lakini Tanga ilipima kuhesabu na kujumlisha, si aljebra. Fedha za tableti zikipatikana, zianzie darasa la kwanza na la pili, katika shule chache za Dar es Salaam, za Temeke iliko Mbagala na za Bunju, huku madarasa yasiyo na tableti yakipimwa kwa mtihani uleule.