Mhudumu Anarudije Nyumbani?
Ijumaa usiku, kwenye baa moja ya nyama choma pale Sakina, Arusha, mimi na wenzangu tulikuwa bado tunaagiza mishkaki na ndizi za kuchoma, dada aliyetuhudumia alipojitanda kitenge juu ya koti na kwenda kusimama barabarani. Baridi ya Julai chini ya Mlima Meru, kwenye mita 1,400 hivi, haina utani. Vifodi, zile daladala ndogo, vya kwenda kwao Ngaramtoni vilishakwisha, na bodaboda ingemlia nusu ya ujira wa siku. Tukamchangia nauli, akaenda. Lakini huruma ya wateja si utaratibu; utaratibu ni kwamba mgeni akishiba, aliyempakulia naye alale salama. Mwenye baa anayefunga hesabu bila kujua wafanyakazi wake wanafikaje kwao hajamaliza kazi.