Kijana Mhafidhina Ajibiwe kwa Hoja, Asizomewe



Tangu tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, umeenea miongoni mwetu usemi ambao sasa unachukuliwa kama nguzo ya imani: kwamba kila mwenye umri mdogo ni mwanamageuzi, na kila mwenye mvi ni kibaraka. Usemi huo si kweli, na harakati inayojilisha yasiyo kweli hufa kwa njaa siku ya kura.

Pita Kibokoni baada ya sala ya Alasiri, keti barazani Kuze, au subiri nje ya kanisa kisiwani humu kwaya ya vijana inapomaliza mazoezi. Hutakosa kumsikia kijana wa miaka 16 au 17, mwenye adabu na bidii ya masomo, akisema maneno yasiyowapendeza wanaharakati. Atasema kwamba serikali ni ya kutiiwa. Atasema vyama vingi vimeleta matusi, ukabila na damu. Atasema siasa ni mchezo wa watu wa bara, na kwamba mtu wa Mji wa Kale afanye biashara yake, alinde dini yake na kufunga mlango wake.

Wako wanaharakati wanaomcheka kijana huyu na kumwita msaliti. Huo ni ujinga na ni dhuluma. Kijana huyu hakununuliwa. Kenya imewahi kuwaona vijana walionunuliwa: mwaka 1992 kundi la Youth for KANU '92, likiongozwa na Cyrus Jirongo, lilimwaga fedha nchini kuitetea KANU, hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la Jirongo. William Ruto, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Rais, alikuwa miongoni mwa vijana wa kundi hilo. Kijana wa barazani hana noti mfukoni. Analo wazo, na wazo hujibiwa kwa wazo. Basi na tumjibu.

Hoja yake ya kwanza ni utii. Aliye Mwislamu huhofia fitina; aliye Mkristo hutukumbusha sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi. Hatumwambii aache dini yake. Tunamuuliza: je, waliomtangulia katika dini hizo waliielewaje? Mwaka 1986 serikali ilipotangaza kura ya mlolongo, viongozi wa makanisa waliipinga. Mwaka 1988 mlolongo ukafanyika: watu wakapanga foleni mchana kweupe nyuma ya wagombea wao, na mahali pengi mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Askofu David Gitari hakunyamaza. Mwanzoni mwa 1990 Mchungaji Timothy Njoya alidai vyama vingi kutoka mimbarani, na Askofu Henry Okullu naye akapaza sauti. Hapa Mombasa, mwaka 1992, wahubiri wa Kiislamu walikamatwa na mji ukawaka, huku chama cha IPK kikinyimwa usajili. Hao wote hawakuwa wahuni wala wakanamungu. Walikuwa watu wa sala, tena wengi wao wahafidhina kwelikweli, walioona kwamba kumtii mtawala hakumaanishi kumsaidia kudhulumu. Na Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoikataa michango ya Rais kwa kanisa moja la jimbo lake, je, alikosa adabu, au alilinda heshima ya altare?

Tena tumuulize kijana wetu: mamlaka yenyewe ni ipi? Katika Kenya ya leo mamlaka iliyo juu ya zote ni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara yake ya kwanza inasema kwamba enzi yote ni ya wananchi. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mhafidhina ni mtu wa kuhifadhi, basi na aihifadhi hiyo! Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa katika maandamano kufikia tarehe 1 Julai 2024, na kufikia Desemba mwaka huo ikahesabu visa 82 vya watu waliotekwa nyara. Mtu anayemchukua mwenzake usiku, bila sare, bila hati na bila kumfikisha mahakamani, ndiye aliyeivunja mamlaka. Anayetii sheria ana wajibu wa kumlaani kabla ya kumlaani aliyebeba bango.

Hoja ya pili ni amani. Hapa kijana anashika jambo zito, na ni vibaya kumpuuza. Damu imemwagika kweli katika zama za vyama vingi. Wakongwe wa kisiwa hiki hawajasahau usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walipoishambulia stesheni ya polisi ya Likoni na kituo cha polisi kivukoni. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na maelfu wakakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Lakini tuulize: moto ule uliwashwa na nani? Uliwaka miezi michache kabla ya uchaguzi, na waliofukuzwa wengi walikuwa watu wa bara waliodhaniwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Ghasia zile zilimfaa aliyeogopa kura. Kusema vyama vingi ndivyo vilivyoleta damu ni kumshtaki mwenye nyumba kwa kuibiwa.

Na zama za chama kimoja zilikuwa na amani ya namna gani? Mwaka 1968, mwana wa Mji huu wa Kale, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa «Kenya: Twendapi?». Alikuwa na umri wa miaka 22. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Nchi ambamo kijana hufungwa kwa kuuliza njia haina amani. Ina kimya tu. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982 na kufutwa Desemba 1991, kilikifanya kimya hicho kuwa sheria.

Hoja ya tatu ni kwamba siasa haimhusu Mpwani. Tunajua uchungu unaoizaa. Vijana wengi wa Mji wa Kale wameombwa vyeti vya baba na babu kabla ya kupewa kitambulisho, kana kwamba ni wageni katika kisiwa walichozikwa wazee wao. Lakini kususa kumewahi kuponya nini? Katika uchaguzi wa Agosti 2022, chini ya nusu ya waliojiandikisha katika Kaunti ya Mombasa ndio waliopiga kura. Anayefunga mlango wake huachia wengine funguo za mji. Kabla ya ugatuzi, mkuu wa mkoa aliletwa kwa amri kutoka Nairobi. Tangu 2013 gavana huchaguliwa na watu wa Mombasa wenyewe. Tunda hilo lilipandwa na watu walioandamana, waliofungwa na waliokufa. Kama tunda ni chungu, dawa yake ni kuchagua vema.

Baada ya kumjibu, haki inatudai tukiri alipo sahihi. Anapochukizwa na matusi dhidi ya wazazi wa watu, yu sahihi. Anaposema kwamba duka lililoporwa siku ya maandamano ni riziki ya mtu ambaye pengine naye aliupinga Mswada, yu sahihi. Anapodai kiongozi mwadilifu katika nyumba yake na katika hesabu zake, anadai kile kile kinachodaiwa na Sura ya Sita ya Katiba. Harakati isiyoweza kuyapokea hayo kutoka kwa mtoto wa barazani haistahili kukabidhiwa nchi.

Basi, ndugu mwanaharakati na ndugu muumini, kazi ni hii. Mkaribishe kijana huyu katika mikutano yetu na umpe nafasi ya kusema hadi amalize. Mwekee Katiba mkononi, nakala ya Kiswahili, muisome pamoja ibara kwa ibara. Viongozi wa kanisa na imamu wa mtaa wakae naye kwenye meza moja. Na atakapotimiza miaka 18, msindikize kuchukua kitambulisho na kujiandikisha kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, hata kama unajua kwamba kura yake itakwenda kinyume na yako.

Naam, hata hivyo! Hatukupigania vyama vingi ili watu wote wawe na wazo moja. Chama kimoja tulikwisha kuwa nacho.