Nuhu Hatoshi Kuifanya Gemu Iwe ya Kikristo

Hapa Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, swali la gemu gani ni ya Kikristo huamuliwa kwa dakika moja. Mtoto akionekana ameinamia simu, mzazi huuliza ni gemu ya nini. Ikiwa ni ya Daudi na Goliathi, au ya safina, mtoto huachwa aendelee. Ikiwa ina majoka na wachawi, simu hutwaliwa, na huenda jambo hilo likatajwa kanisani Jumapili. Kipimo ni kimoja tu: nani yumo ndani. Nimewasikia wazee wa kanisa, viongozi wa vijana na walimu wa shule ya Jumapili wakikitumia kwa nia njema kabisa. Ni kipimo kibovu, na wanaoumia kwa ubovu wake ni watoto wetu. Kinaruhusu yanayowadhuru ilimradi yamevikwa kanzu ya nabii, na kinakataa mema kwa sababu ya sura yake.

Tuanze na gemu ambayo kipimo hiki kingeipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1994 kampuni ya Kimarekani iitwayo Wisdom Tree ilitoa Super 3D Noah's Ark, ya kuchezwa kwenye mashine ya Super Nintendo. Mchezaji ni Nuhu. Anatembea ndani ya safina kutoka chumba hadi chumba, wanyama wamechachamaa, na kazi yake ni kuwarushia chakula kwa manati mpaka wasinzie. Hakuna tone la damu wala neno chafu. Mzazi gani angeipinga?

Sasa tazama ilivyoundwa. Injini yake, yaani programu ya ndani inayoendesha kila kitu, ni ya Wolfenstein 3D, gemu ya mwaka 1992 ya kampuni ya id Software, ambamo mchezaji anazunguka ndani ya ngome akiwapiga risasi askari wa Hitler. Mwendo ni uleule na kulenga shabaha ni kulekule. Bunduki imegeuzwa manati, askari amegeuzwa mbuzi. Na kabla ya kumfikia Nuhu, wenye kampuni walikuwa wamenuia kuitumia injini hiyo kutengeneza gemu ya Hellraiser, filamu ya kutisha yenye viumbe wanaowararua watu kwa minyororo na ndoana. Mpango huo ulipokufa, Nuhu akapewa nafasi iliyobaki wazi.

Hata njia iliyoifikisha kampuni hii kwenye Biblia inafaa kujulikana. Wisdom Tree ilizaliwa na Color Dreams, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu za Nintendo bila leseni ya Nintendo. Duka lililouza gemu za namna hiyo lilihofia kunyimwa zile zenye leseni, kwa hiyo maduka mengi yaliogopa kuziweka. Wenye Color Dreams wakatafuta maduka ambayo Nintendo haikuwa na cha kuyatishia, wakayapata: maduka ya vitabu vya Kikristo, ambayo hayakuwa yakiuza gemu hata moja. Bible Adventures ya mwaka 1991 ilipita mlango huo. Simhukumu kila aliyefanya kazi pale, na huenda wengine walikuwa waumini wa kweli. Nasema tu kwamba jina la Nuhu juu ya boksi halikubadilisha chochote ambacho mikono ya mtoto ilikuwa ikifanya.

Na mikono ndiyo ya kutazamwa. Kitabu kinasimulia, filamu inaonyesha, lakini gemu inamtaka mtu atende. Inampa kazi, inamlipa akiifanya, inamwadhibu akikosea, kisha inamrudisha aifanye tena, mara mia, mara elfu. Mahubiri ya gemu yamo humo, katika kile inacholipa na kile inachoadhibu. Picha za juu zinaweza kusema jambo moja na kanuni za ndani zikafundisha jingine kabisa, na mtoto anayecheza kila jioni atashika lile la ndani.

Mfano mchungu zaidi ni wa mwaka 2006. Gemu ya Left Behind: Eternal Forces ilitokana na riwaya za Tim LaHaye na Jerry Jenkins kuhusu siku za mwisho. Mchezaji anaongoza kikosi cha waumini katika mitaa ya New York, akiwavuta watu wajiunge naye na kupambana na majeshi ya Mpinga Kristo. Muumini wake akiua mtu, kiwango chake cha kiroho hushuka. Afanyeje? Anamwamuru aombe, kiwango kinapanda, anarudi vitani. Maombi yamekuwa kama kujaza petroli kwenye bodaboda: tangi likiisha unajaza, safari inaendelea kulekule ulikokuwa ukienda. Hakuna toba hapo, hakuna kugeuka. Baadhi ya Wakristo Marekani kwenyewe waliipinga, wakaitaka Walmart iiondoe madukani. Lakini kwa kipimo chetu cha Kathonzweni, cha kutafuta nani yumo ndani, gemu hii ingepita bila kuulizwa swali, kwa kuwa ina maombi, ina nyimbo za injili, ina Mpinga Kristo anayepingwa.

Wengine wataniambia kipimo chao ni kingine, kwamba wao wanatazama damu. Gemu isiyo na damu ni safi. Basi na waifungue Biblia yenyewe kwenye Waamuzi sura ya 4, wamwone Yaeli akiupigilia msumari wa hema kichwani mwa Sisera, au wasome kisa cha Daudi hadi mwisho, pale anapomkata Goliathi kichwa. Tunawasomea watoto visa hivyo bila kuvificha, na tunafanya vyema. Damu ni jambo la kuangaliwa kwa umri na kwa namna inavyoonyeshwa, lakini haiwezi kutuambia kama kitu ni cha Kristo.

Na sasa niseme linaloniuma zaidi, kwa sababu liko hapa sokoni kwetu wala si Marekani. Gemu inayochezwa kuliko zote vibandani ni kandanda. Ingia kibanda cha PlayStation saa za jioni. Pazia limeteremshwa kuzuia mwanga, benchi moja imekaliwa na wavulana watano, vitufe vimesuguliwa mpaka alama zimefutika. Hakuna damu, hakuna mapepo, hakuna mwanamke aliyevaa nusu uchi. Kwa kipimo cha wazee wetu hakuna cha kulaumiwa, na kwa kweli sijawahi kusikia mahubiri dhidi ya kandanda ya skrini. Lakini sikiliza kanuni ya kibanda: anayefungwa ndiye anayelipa. Mvulana hodari anacheza mchana kutwa bila kutoa senti, na yule dhaifu anawalipia wote wawili. Akishatoa shilingi 20 hataki kuondoka, anataka kuzikomboa, kwa hiyo anaweka nyingine 20. Nimemwona mtoto wa sare ya shule akitoa 20 ya tatu iliyofichwa ndani ya soksi. Sikuhitaji kuuliza ilikuwa ya nini.

Kwenye simu mambo ni mabaya zaidi, maana hakuna hata mwenye kibanda wa kumwambia mtoto arudi nyumbani. Gemu kubwa za kandanda huuza vifurushi vya wachezaji ambavyo mnunuzi hajui vina nini mpaka avifungue. Analipa, taa zinamulika, muziki unapanda, na mara nyingi anayetokea ni mchezaji asiyemtaka. Analipa tena. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba vifurushi hivyo, vikiwemo vya gemu ya FIFA, ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo, na Januari 2019 kampuni ya EA, iliyoitengeneza gemu hiyo, ikaacha kuuza huko pointi za kuvinunulia. Mwaka huohuo wa 2018 serikali yetu ilikuwa ikikamata na kuteketeza mashine za kamari za sarafu zilizokuwa zimesambaa hadi masoko ya mashambani. Tulishangilia mashine zile zikiungua. Mbona tumenyamazia kitu kilekile kikiingia mfukoni mwa mtoto kwa sura ya mpira wa miguu?

Tena wakati mwingine kinaingia kwa sura ya Biblia. Nilikaa kando ya msichana wa gredi ya sita aliyekuwa akicheza chemshabongo ya Biblia kwenye simu ya mama yake. Swali lilikuwa ni nani aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri. Saa ilikuwa ikihesabu kwenda chini, kwa hiyo hakusoma swali hadi mwisho, alibonyeza tu. Alipokosea mara kadhaa, nafasi zake ziliisha, na gemu ikamwambia atazame tangazo ili aongezewe. Likaja tangazo la kamari, la kandege kanakopaa huku tarakimu za pesa zikipanda nako. Alilitazama lote akingoja nafasi zake. Mama yake alipouliza kutoka jikoni anafanya nini, akajibu, "Mwaitu, ni ya Biblia." Mama akaridhika. Na kwa kipimo alichopewa na kanisa lake, angefanya nini kingine? Kanisa ndilo lililomfundisha kuuliza gemu ni ya nini, likanyamaza kuhusu gemu inamfanya nini mwanawe na nani anayelipwa.

Kanisa la hapa Ukambani lingepaswa kuwa la kwanza kuligundua kosa hili, maana limewahi kulipitia. Kituo cha kwanza cha shirika la wamishonari la Africa Inland Mission kilifunguliwa na Peter Cameron Scott huko Nzaui, katika kaunti hii hii ya Makueni, mnamo Desemba 1895. Scott mwenyewe alifariki dunia kabla mwaka wa 1896 kwisha, lakini kazi iliendelea, na wamishonari pamoja na waongofu wao wakaamua kwamba ngoma haimfai Mkristo. Ngoma ndiyo iliyopigwa kwenye kilumi, dansi ya Wakamba ya kupandisha pepo, na pepo wakapanda vichwani. Basi ngoma ni ya pepo. Wakristo wa vizazi kadhaa walikua wakijua kwamba muumini hujulikana kwa kutokaribia ngoma. Leo, katika makanisa mengi ya Ukambani, ngoma hupigwa mbele ya madhabahu, kwaya inacheza, na akina mama wanapiga vigelegele. Ngozi na mti ni vilevile. Kilichobadilika ni kile watu wanachokuja kufanya pamoja ngoma inapolia. Na niwatetee kidogo wale wa zamani: wao angalau walitazama ngoma inamfanya nini mchezaji, wakaona anapandwa na pepo, wakashtuka. Sisi tumeshindwa hata na hilo. Tunatazama picha ya boksi.

Kama kuna anayetaka kuona gemu ambayo kweli imebeba imani ndani ya kanuni zake, ipo. Ryan na Amy Green, Wakristo wa Marekani, walikuwa na mtoto aitwaye Joel ambaye aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Walianza kutengeneza gemu kuhusu maisha yao naye wakati bado yuko hai. Joel alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka mitano, na gemu hiyo, That Dragon, Cancer, ikatoka Januari 2016. Kuna sehemu ambapo mchezaji yuko chumbani hospitalini na baba, mtoto analia kwa kiu na maumivu, na lolote utakalojaribu halimnyamazishi. Unambeba, anaendelea kulia. Unampa cha kunywa, anakitapika. Gemu zote zimetufundisha kwamba ukibonyeza kitufe sahihi utashinda, na hapa hakuna kitufe sahihi. Mtu anabaki na kukaa pale, na kuomba. Baadaye kuna kanisa kubwa lenye mishumaa, na maombi ya wazazi hao yanasikika yakiwa na imani, yakiwa na hasira, yakiwa na uchovu, bila kupambwa ili yapendeze. Joka limo kwenye jina lake. Kwa kipimo chetu lingetosha kuifanya simu itwaliwe.

Najua pingamizi inayokuja: ukiondoa kipimo cha majina na picha, utabaki na kipimo kipi, na nani ana muda wa kukitumia? Siyo kila mzazi wa Kathonzweni anajua kucheza gemu, na aliyetoka shambani kuvuna ndengu hana nguvu za kukaa na simu saa nzima. Ni kweli. Lakini kanisa lina idara ya vijana, lina kambi wakati wa likizo za shule, lina vijana wa miaka ishirini na kitu wanaozijua gemu hizi nje ndani na ambao hawajawahi kuulizwa chochote zaidi ya kukemewa. Wao waziketie gemu zenyewe, wacheze mpaka waone zinalipa nini, zinadai pesa lini, zinamtendeaje anayeshindwa, kisha wawaambie wazazi kwa lugha ya kawaida. Gemu inayomdai mtoto M-Pesa ili ajue kama amebahatika ikataliwe, hata ikiwa mitume wote kumi na wawili wamo ndani.

Na kazi hiyo ianzie kibandani kwa kanuni ile ya anayefungwa kulipa. Kiongozi wa vijana aende akamwombe mwenye kibanda kwamba kila mvulana alipie nusu yake, afunge au afungwe. Mwenye kibanda atakataa mwanzoni, kwa kuwa hasira ya aliyefungwa ndiyo inayomletea pesa. Aendewe tena, na safari hii mchungaji aandamane na kijana wake.