Hotuba Si Mali ya Dini Moja

Wako walimu wenzetu, hapa Burundi na ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wanaowakataza wanafunzi wao kuandika neno "hotuba". Wadai kwamba ni neno la mimbari ya Ijumaa, na kwamba Mkristo afadhali aseme "diskuru". Hoja hiyo twaipinga.

Hicho Kilatini wanachokikimbilia, je, wamekichungulia ndani? Discours ya Wafaransa yatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukimbia huku na huku. (Wasemaji wengine, kwa kweli, wanastahili neno hilo.) Na neno lenyewe la heshima, oratio, ambalo ndilo jina la kila hotuba ya Cicero, latokana na orare: kusema kwa kumtetea mtu, kusihi, na pia kusali. Kanisa lililirithi neno lile lile likaliita sala. Hata leo oración ya Mhispania ni sala, na ni sentensi ya sarufi vilevile, wala mwalimu wa sarufi haoni haya kuitamka darasani. Oraison ya Mfaransa ni sala. Lakini pia ni hotuba ya mazishi, kama zile zilizomletea sifa Askofu Bossuet katika karne ya 17.

Basi mbona Kiarabu pekee kitozwe ushuru? Khatibu alikuwa msemaji wa kabila lake huko Arabuni kabla ya Uislamu kuja. Msikiti ulimkuta na kazi yake.

Nasi Waswahili tumeyafanya hayohayo bila kumwomba mtu ruhusa. Dua na madai ni watoto wa shina moja, huyu akaenda kwa Mungu, yule mahakamani. Mahubiri ya padri ni ndugu wa habari. Ama maombi, neno letu la Kibantu, husomwa kanisani Jumapili, na Jumatatu hupelekwa ofisini kutafutia kazi. Hatujasikia karani aliyeyakataa kwa kuwa yananuka ubani.

Twajua kwamba Warundi tuna ijambo, neno zuri, nduguye "jambo" la Kiswahili. Liachwe lifanye kazi yake katika Kirundi. Katika Kiswahili, jambo halihutubiwi.

Kwa hiyo twawaomba wanaosahihisha insha muhula huu: mwanafunzi aliyeandika "Rais alitoa hotuba" asikatwe alama, na aliyekwisha kukatwa arudishiwe.