AFYA NYUMBANI: Ganda la Nafaka Si Takataka

Dominika moja iliposomwa Injili ya mikate mitano, mtoto mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza, “Karani, hiyo shayiri ni nini?” Nikamjibu kuwa ni nafaka ipendayo baridi. Hapa Tanzania hulimwa kwenye nyanda za juu za kaskazini, na nyingi huenda kutengenezwa bia. Zamani za Bwana wetu ilikuwa mkate wa maskini.

Leo wataalamu wausifu mkate huo. Katika punje ya shayiri wameona vitamini E, na jamii ya vitu viitwavyo fenoli. Vitu hivi ni antioksidanti. Maana yake ni nini? Jembe likilala kwenye umande hushika kutu kwa ajili ya hewa. Nasi hewa tuivutayo hutupa nguvu, lakini huacha mwilini chembe kali zenye kuharibu kidogo kidogo. Antioksidanti huzipinga, kama mafuta yazuiavyo kutu.

Je, sisi wa Tabora tumenyimwa? Hata kidogo! Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, mtama ndio uliokuwa chakula kikuu cha Unyamwezi, na wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji waliula safarini. Mtama mwekundu na ulezi vina fenoli nyingi, hasa katika ganda. Tena gramu 100 za ulezi zina kalsiamu kupita miligramu 300, ya kujenga mifupa na meno; mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya hizo.

Basi mama, ukikoboa nafaka mpaka iwe nyeupe pe, sehemu kubwa ya hazina hii yabaki katika pumba. Kuku wanenepa, mtoto anywa uji mweupe!

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, mtama mwekundu wenye kukausha ulimi una tanini. Hizo huwachukiza ndege shambani, lakini pia hushika madini ya chuma ya chakula, damu isiyapate vema. Kwa hiyo mpe mtoto embe au ubuyu pamoja na uji. Kimea nacho chafaa, ila tumia cha ulezi. Miche michanga ya mtama ina sumu. Wafugaji waijua, kwani huua ng’ombe.

Pili, ukimsikia mtu mnadani akiuza unga wa ulezi kuwa ni dawa ya kisukari au saratani, usimsadiki. Jambo lililoonekana katika chupa za maabara halijawa bado uponyaji wa mtu. Mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa sababu ya uji. Uji ni chakula, na hiyo ni heshima ya kutosha.

Kijana yule wa Injili alitoa alichokuwa nacho, hakukionea haya. Nasi tusikidharau kilichomo ghalani mwetu. Haya, mpaka juma lijalo.