Nyama ya Kindi: Tuulize Kabla ya Kuinjika Chungu

Mama mmoja wa Busi, wilayani Kondoa, ametuletea swali ambalo tunaamini si lake peke yake. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja alitumwa kulinda shamba la karanga, akarejea magharibi na kindi wawili aliowapiga kwa manati. Mtoto alijaa furaha ya mtu aliyemletea mama yake kitoweo. Mama hakujua amwambie nini. Awapike? Au awatupe, amvunje moyo mwanawe?

Wakulima wanamjua vyema mnyama huyu, ambaye wengine humwita kuchakuro. Hufukua mbegu ya mahindi kabla haijachipua, na karanga ndiyo karamu yake. Na katika nyumba ambayo ugali huliwa kwa mlenda siku nyingi za juma, nyama ni neema, na aliyeileta hastahili kukaripiwa. Lakini neema nayo ina adabu zake.

Jambo la kwanza la kuuliza ni mnyama mwenyewe. Panya hana mjadala: Mtume (s.a.w.) alimtaja miongoni mwa viumbe watano waharibifu wanaouawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Je, kindi naye ni panya mwenye mkia wa manyoya? Wanazuoni wetu hawakumhesabu hivyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu kwamba kauli sahihi katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, ni kuwa kindi ni halali. Katika madhehebu ya Hanbali zimo kauli mbili. Basi anayemla asiitwe mla haramu, na anayejizuia asiitwe mjinga.

Jambo la pili ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo kiini cha swali la mama huyu: mnyama amekufaje? Katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu amemtaja mnyama aliyekufa kwa kupigwa pamoja na mzoga na nyamafu nyingine. Adiy bin Hatim (r.a.), aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu windo lililopigwa kwa mti wa kuwindia. Akajibiwa kuwa lililochomwa kwa ncha lina ruhusa, bali lililopigwa kwa ubavu wa mti, likafa kwa uzito wa pigo, lisiliwe.

Jiwe la manati halina ncha wala makali. Linaua kwa kishindo. Kwa hiyo kindi aliyeanguka akiwa bado na uhai thabiti, akawahiwa kwa kisu kikali, likatajwa jina la Mwenyezi Mungu na kukatwa koo na umio, huyo ni halali. Aliyekufa kabla ya kisu ni mzoga, ingawa jinsi yake ni halali. Hukumu ni hiyo hiyo kwa aliyenyongwa na kitanzi cha mtego usiku kucha. Mtego wa tundu unaomhifadhi mnyama hai ni bora zaidi, maadamu unatazamwa mapema ili asiteseke.

Na manati yenyewe tuitazame kwa jicho la mzazi. Abdullahi bin Mughaffal (r.a.) alimkataza jamaa yake kurusha vijiwe, akieleza kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza jambo hilo: haliui windo wala halimwangushi adui, bali huvunja jino na kung'oa jicho.

Jambo la tatu ni usalama. Mashambani hutegwa sumu ya panya, na kindi hula alichokikuta. Asiyekimbia mtu, anayeyumba au mwenye vidonda, asiguswe hata kama angali hai. Mwaka 1985, nchini Zaire ya wakati huo, virusi vya Mpox vilipatikana katika kindi mgonjwa wa porini. Na Machi 2025 Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wa Mpox hapa Tanzania. Watu wa Lushoto nao, tangu mwaka 1980 na kwa zaidi ya miongo miwili, walisumbuliwa na tauni, maradhi yanayobebwa na viroboto wa wanyama wa jamii hii. Viroboto huuacha mwili unapopoa, wakamrukia aliyeubeba. Ndiyo sababu watoto wasiwaning'inize kindi shingoni wala kuwachezea.

Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imeuweka uwindaji chini ya vibali. Mzazi aulize kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Mwenye kutimiza masharti hayo yote akaamua kupika, avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, achune ngozi mbali na jiko, afukie matumbo na kichwa, na anawe kwa sabuni. Nyama hii ni chache na ngumu kama ya jogoo mzee. Ichemshwe kwa chumvi, tangawizi na limau mpaka iachane na mfupa, pasibaki wekundu wowote. Kisha iungwe kwa kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa.

Turudi kwa mama yetu. Kwa maelezo yake, kindi wale walifika nyumbani wamekwisha kufa, wala hawakuchinjwa. Jibu letu ni kwamba wafukiwe. Lakini kabla ya kuwafukia amketishe mwanawe, amshukuru kwa kuifikiria nyumba yake, kisha amweleze kuwa kosa halikuwa kuleta kitoweo, bali kisu hakikuwahi. Mtoto aliyeelezwa hivyo atajifunza dini. Aliyekemewa tu atajifunza kula porini kwa kujificha.

Na kama baba atapenda kindi aliyechinjwa vyema na mama asimpende, nyumba isigombane. Mtume (s.a.w.) aliandaliwa mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akaacha kumla kwa kuwa hakuwapo katika ardhi ya watu wake; Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake, wala hakukatazwa.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.