Dawa ya Nini?

Katika Kiswahili yako maneno machache ambayo mtu huyaamini kabla ya kuyapima, na neno dawa ni mojawapo. Mama akimwambia mtoto mgonjwa kwamba kilichomo katika kijiko ni dawa, mtoto hukunja uso lakini hufungua kinywa. Nusu ya kazi imekwisha kufanywa na neno. Kwa hiyo mtu alichukuaye neno hili na kulibandika juu ya kitu kingine hachukui sauti ya silabi mbili tu. Huchukua pamoja nayo imani iliyowekwa akiba na vizazi vingi.

Jambo hilo limefanyika Kenya mchana kweupe, na halikuzusha ugomvi. Kuna kinywaji cha Nairobi chenye sifa kubwa kiitwacho dawa. Kilipata umaarufu wake katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka wa 1980, na tangu hapo kimeenea katika mahoteli ya pwani na kambi za watalii, na kimevuka mpaka kuingia Tanzania. Hutengenezwa nyumbani pia, wageni wanapoalikwa na mwenyeji apendapo kuonekana hodari wa mambo ya bilauri. Ndani yake mna vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Vinne katika vitano hivyo havina lawama yoyote.

Haki na itendeke kwa kinywaji chenyewe kabla ya jina lake kushitakiwa. Kimetungwa kwa akili. Ndimu moja hukatwa vipande vinne pamoja na ganda lake, na ndimu ndogo yenye ganda jembamba ndiyo bora, ingawa kokwa zake ni nyingi na humsumbua mnywaji. Vipande hutiwa katika bilauri nzito pamoja na kijiko cha sukari, kisha hubonyezwa kwa mchi mdogo. Chembe za sukari hukwaruza ganda na kuyatoa mafuta yaliyomo, na mafuta hayo ndiyo yenye harufu. Maji ya ndimu peke yake ni ukali tu. Lakini asemaye kubonyeza hasemi kuponda. Chini ya ganda kuna nyama nyeupe iliyo chungu, na mwenye mkono wa kutwanga kisamvu ataipata yote katika kinywaji chake. Barafu iliyovunjwavunjwa hufuata, kisha vodka. Asali huja mwisho, nayo ina hila yake: ikimiminwa juu ya barafu huganda kama gundi na kukaa chini bila ya kumfaa mtu. Kwa hiyo huchukuliwa kijiti kifupi cha mti, kikazungushwa katika asali nzito mpaka kikavaa kilemba, kikasimamishwa ndani ya bilauri. Mnywaji hukoroga mwenyewe na kujipimia utamu kidogo kidogo. Aliyekibuni kijiti hicho alikuwa fundi, na anastahili heshima.

Kazi ya vodka katika mkusanyiko huu ni nyingine kabisa. Haina ladha ya kuongeza, kwani sifa yake kubwa machoni pa watengenezaji ni kutokuwa na ladha. Huja kulevya, basi. Na wale wenzake wanne, pasipo kukusudia, humfichia siri yake: ukali wa ndimu hufunika ukali wake, sukari na asali hulainisha, baridi ya barafu huufanya ulimi usihisi moto. Kipimo cha kawaida cha kinywaji hiki ni mililita 60 za vodka. Vodka ya asilimia 40 kwa kipimo hicho ina mililita 24 za kileo kitupu. Chupa ya nusu lita ya bia ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Hivyo bilauri moja fupi, iliyojaa barafu, inayonywewa kama maji ya ndimu na mtu aliyetoka juani, inazidi chupa nzima ya bia. Bia humwonya mnywaji kwa kumjaza tumbo. Hii haimwonyi kwa lolote. Na hayo ni ya mkahawani, ambako muuzaji hupima kwa sababu vodka ni mali yake. Nyumbani ukarimu ndio kipimo, na ukarimu wa Mwafrika haujulikani kwa uchache.

Sasa jina. Watetezi wake husema kwamba ni mzaha, na kwamba mtu asiyejua mzaha asiende karamuni. Lakini mzaha hueleweka pale ambapo wote waliopo wanajua kinyume chake. Mtu akimwita mrefu wa ajabu Kifupi, kila mwenye macho hucheka. Katika bilauri hapana cha kuonwa. Vodka haina rangi, na kinachoonekana ni ndimu na asali, yaani vitu vile vile ambavyo bibi wa kila nyumba, tangu Kismayu mpaka Kilwa, huvichanganya mtu akipata kikohozi. Mzaha usioweza kutambuliwa na anayefanyiwa una jina jingine.

Watetezi wenye elimu zaidi huja na hoja ya lugha. Husema neno dawa katika Kiswahili ni pana mno, wala halikufungwa hospitalini: kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, hata dawa ya panya, ambayo ni sumu tupu, na hapana mtu aliyewahi kulalamika. Hoja hii ni nzuri, na uzuri wake ndio unaowaangusha. Katika mifano yote hiyo dawa haikusimama peke yake. Nyuma yake kuna ya, na baada ya ya kuna jambo linalokusudiwa. Lugha imeweka desturi hii kwa hekima: upana wa neno umelipiwa kwa wajibu wa kueleza. Aliyeleta dawa huulizwa, dawa ya nini? Naye hujibu: ya homa, ya mchwa, ya madoa. Muuza dawa ya panya hajamdanganya mtu, labda panya. Kinywaji cha Nairobi hakina ya. Kimesimama peke yake, na kisimamapo peke yake neno hili halina maana ila moja, kitu cha kumponya mtu.

Na ajabu ni kwamba lugha ilikuwa na jibu tayari. Vitu vilewevyavyo akili vilipohitaji jina, Waswahili hawakusita kuviita dawa, lakini waliongeza neno la kweli: dawa za kulevya. Hapo msikilizaji amepewa habari kamili, na hawezi kusema baadaye kwamba hakuambiwa. Waliokipa kinywaji jina walichukua sehemu ya mbele ya msemo huo na kuiacha nje ya mlango sehemu ya nyuma, ambayo ndiyo hasa iliyokihusu.

Wabrazili wanaweza kuwa mwalimu katika jambo hili. Kwao kuna kinywaji maarufu kiitwacho caipirinha, cha ndimu, sukari, barafu na pombe kali ya miwa iitwayo cachaça, na mtu yeyote aliyevionja vyote viwili atatambua kwamba dawa ni ndugu yake. Lakini Mbrazili akiitoa pombe ya miwa na kutia vodka mahali pake, jina hubadilika papo hapo, hukiita caipiroska. Kwa badiliko la chupa moja, kileo kwa kileo, watu hao waliona kwamba mnywaji ana haki ya kujua. Afrika ya Mashariki pombe imewekwa katika mchanganyiko wa bibi, na jina likabaki la bibi.

Wala hila hii haikuanza Nairobi. Pombe kali imevaa joho la mganga tangu utoto wake. Wanazuoni wa Ulaya waliita pombe iliyokenekwa kwa mvuke maji ya uzima; Warusi wakaiita vodka, neno litokanalo na maji, kana kwamba ni kijimaji tu. Stefan Falimirz alichapisha mjini Kraków mwaka wa 1534 kitabu cha mitishamba ambamo pombe ya namna hii ilisifiwa kwa tiba. Marekani ilipopiga marufuku ulevi kati ya 1920 na 1933, waganga waliruhusiwa kuandika wiski katika cheti cha dawa, na wagonjwa wa ghafla wakawa wengi. (Hata neno alkoholi lilitoka katika Kiarabu likimaanisha wanja. Huenda ndiyo maana kazi yake mpaka leo ni kupamba.)

Ndimu, kwa upande wake, ina cheti kilicho safi. Mwaka wa 1747 daktari James Lind, ndani ya manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawapa wawili wawili tiba mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. Baadaye maji ya matunda hayo yakawa posho ya mabaharia, na kwa muda mrefu yalihifadhiwa kwa kutiwa pombe ili yasiharibike. Ndipo Lauchlan Rose, mtu wa Leith huko Uskochi, alipopata mwaka wa 1867 hati ya namna ya kuyahifadhi maji ya ndimu bila ya pombe. Tiba na kileo vilikwisha kutenganishwa basi, kwa juhudi na kwa sababu nzuri, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu wa Nairobi kuvifungisha ndoa tena.

Atakayekimbilia vitamini ajue na hesabu yake. Ndimu moja hutoa maji ya mililita 30 hivi, na humo mna takriban miligramu 9 za vitamini C, ilhali mtu mzima huhitaji kati ya 75 na 90 kwa siku. Chungwa moja, lisilo na karamu wala kijiti, linampita mbali. Na kuhusu mshirika wa tano, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hapana kiasi cha kileo kilicho salama kwa afya. Taasisi yake ya utafiti wa saratani ilikuwa imekwisha kukiweka kileo, tangu 1988, katika kundi la vitu vithibitishwavyo kumletea binadamu saratani. Mtu mzima anaweza kuyasikia hayo na bado akachagua kunywa; hiari ni yake, na makala haya hayamnyang'anyi bilauri. Lakini hachagui aliyefichwa.

Nani afichwaye? Mikahawa ya Nairobi huuza dawa nyingine, ya moto, ya tangawizi, limau na asali, isiyo na tone la kileo, na wengi huinywa wakiwa na mafua. Haiui mafua, lakini hulainisha koo, na asali imeonekana kutuliza kikohozi. Sasa vinywaji viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha mlevi, vinaitikia wito mmoja. Mgeni kutoka Lamu asiyegusa kileo kwa ajili ya dini yake huambiwa na mwenyeji, karibu dawa, naye hushukuru. Mja mzito afyonzaye ndimu kwa kichefuchefu, kama wafanyavyo wengi, akisikia kwamba jagi lile ni dawa ya ndimu na asali, ana kila sababu ya kunyosha mkono. Mtoto alikutaye jagi hilo katika friji asubuhi, likiwa limebaki nusu, hana wa kumwuliza. Na wauguzi wana onyo moja wanalolirudia kila siku dirishani pa kutolea vidonge: usichanganye dawa na pombe. Katika nyumba ambamo pombe imeitwa dawa, onyo hilo limegeuka kitendawili.

Husemwa mwishoni kwamba kinywaji hiki kimekitangaza Kiswahili, kwani mtalii arudipo kwao hulikumbuka neno hilo moja hata akiyasahau yote. Ni kweli hulikumbuka. Hurudi London au Chicago akijua kwamba kwa Kiswahili dawa ni vodka yenye asali, na akiona neno hilo juu ya mlango wa zahanati katika safari ya pili hutabasamu. Lugha iliyotangazwa namna hiyo imefanywa kichekesho cha mezani, na wenye lugha wameambiwa wafurahi kwa kuwa wametajwa.

Aliye na karamu nyumbani hahitaji kukiacha kinywaji, wala haitaji jina geni. Na abonyeze ndimu zake kwa sukari, atie maji na barafu, aweke jagi katikati ya meza na kuliita sharubati ya ndimu, jina lililokuwapo pwani kabla ya vodka kujulikana. Jagi hilo ni la wote. Chupa ya vodka na isimame mbali nalo, karatasi yake ikiwaelekea wageni na ile asilimia 40 ikisomeka, pembeni yake kikombe cha mililita 30 cha kupimia. Atakaye atajitilia, na atajua ametia mara ngapi. Kijiti cha asali kiwekwe katika kila bilauri, ya atiaye na ya asiyetia.